Uandishi wa Makala ya Kitaaluma (Sehemu ya Nne): Kukifuata Chanzo Hadi Kilikotoka

Swali la utafiti likishabanwa na msimamizi akaliridhia, kama ilivyoelezwa katika sehemu zilizotangulia, mwanafunzi huanza kusaka vyanzo. Hapa ndipo wengi huteleza, na si wanafunzi peke yao. Juni 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani hukumu zilizobuniwa na programu ya akili unde. Kesi walizozitaja hazikuwahi kusikilizwa popote. Visa vya namna hiyo vimejirudia tangu hapo katika nchi mbalimbali, na wasimamizi vyuoni nao wanakutana na marejeo hewa. Kinga yake ni kongwe kuliko kompyuta: kutokitaja chanzo ambacho mwandishi hajakisoma mwenyewe.

Historia ya Kilwa yaonyesha vizuri kazi ya kukifuata chanzo inavyofanyika. Mwanafunzi anayeuliza ni lini Washirazi, ukoo wa watawala wanaosimuliwa kutoka Uajemi, walianza kutawala huko atakuta vyanzo viwili vikuu vya maandishi. Kimoja ni masimulizi ya Kireno ya João de Barros, yaliyochapishwa Lisbon mwaka 1552. Cha pili ni tarikh, yaani historia, ya Kiarabu iliyotungwa katika karne ya 16. Nakala yake, ambayo Sultani Barghash wa Zanzibar alimpa balozi wa Uingereza John Kirk, imehifadhiwa London, na msomi Strong aliichapisha mwaka 1895. Ni rahisi kuvichanganya viwili hivi kama kwamba ni kimoja. Mwanafunzi akivisoma sambamba ataona havisemi jambo lilelile. Katika tarikh ya Kiarabu, sultani wa Shirazi anaondoka na wanawe sita katika majahazi saba. Kwa Barros, anayesafiri ni Ali, mwana wa mama Mhabeshi aliyedharauliwa na ndugu zake, naye anatoka Hormuz na majahazi mawili. Vyote viwili vinakubaliana kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Tofauti hizo zenyewe ni data, maana zinamlazimu mtafiti kuuliza nani alisimulia, alimsimulia nani, na kwa faida ya nani. Barros hakufika Kilwa. Aliandika akiwa Lisbon, kwa kutegemea maandishi yaliyoletwa kutoka ng'ambo.

Kisha kuna ushahidi usioandikwa vitabuni. Mwaka 1965 Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa, alitumia tabaka za udongo na sarafu kudai kwamba ukoo huo ulianza kutawala mwishoni mwa karne ya 12. Rai hiyo ilishika mizizi. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, kukafukuliwa hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000. Miongoni mwake zilikuwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan, anayehesabiwa kuwa sultani wa kwanza wa ukoo huo, zikiwa pamoja na dinari za Kifatimi za karne ya 11. Tarehe za sultani huyo zikarudi nyuma kwa zaidi ya miaka mia. Anayenakili leo kitabu cha miaka ya 1970 bila kutazama mwaka wa uchapaji anafundisha rai iliyokwisha kupingwa, na wasomaji wake hawana njia ya kujua.

Kwa hiyo kila dondoo huandikwa tangu siku ya kwanza pamoja na jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Maneno ya chanzo hutiwa alama za kunukuu papo hapo daftarini. Muhtasari wa mwanafunzi hukaa kando. Wizi wa kitaaluma mara nyingi huzaliwa kwenye daftari lisilotenganisha viwili hivi, miezi kadhaa kabla ya makala kuandikwa. Aliyemsoma Barros kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Freeman-Grenville ya mwaka 1962 hana budi kuitaja tafsiri hiyo. Kujifanya amesoma Kireno cha asili ni uongo, hata kama hakuna atakayeugundua. Wanazuoni wa pwani waliijua adabu hii: elimu ilipokewa kwa sanadi, yaani mlolongo wa walimu walioipokezana, na mtu hakudai kusikia kwa shehe ambaye hakukaa mbele yake.

Uandishi wenyewe huwa mwepesi dondoo zikiwa safi. Kila aya hubeba hoja moja na ushahidi wake, na chanzo kinachopinga hoja hujadiliwa palepale, hakifichwi. Utangulizi na ikisiri huandikwa mwisho, hoja ikishatulia.

Akili unde yaweza kusaidia kupendekeza maneno ya kutafutia katika katalogi au kusahihisha tahajia, pale chuo kinaporuhusu na matumizi yake yakatajwa. Kila kitabu inachokipendekeza hutafutwa maktabani au katika hifadhi ya majarida, kikafunguliwa na ukurasa ukasomwa. Kisichopatikana hakitumiki.

Orodha ya marejeo hupangwa kwa alfabeti ya majina ya mwisho ya waandishi, kwa mtindo mmoja mwanzo hadi mwisho. Huingia humo kazi zilizotajwa ndani ya makala tu, na kila iliyotajwa lazima iwemo.