Je, Wajua? Cheti cha jina la biashara hakikukingi na deni

Je, wajua kwamba watu wawili wakifungua duka na kugawana faida, sheria huwahesabu kuwa wabia hata kama hawajaandika lolote? Tanzania imeweka kanuni za ubia ndani ya Sheria ya Mikataba. Kenya ina Sheria ya Ubia ya 2012. Pasipo makubaliano, faida na hasara hugawanywa sawasawa, awe aliyetoa milioni tano au aliyetoa laki mbili.

Mbia mmoja akichukua mzigo kwa mkopo kwa ajili ya duka, mwenye mzigo anaweza kumdai hata yule asiyekuwapo. Duka likishindwa kulipa, nyumba zao ziko hatarini. Cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, msajili wa biashara wa Tanzania, hakibadilishi hilo, ingawa wengi hukitundika ukutani wakidhani tayari wana kampuni.

Na je, wajua kwamba kinga ya kampuni, ya wenyewe kutodaiwa madeni yake, ilipata nguvu kwa kesi ya fundi viatu wa London? Mwaka 1892 Aron Salomon aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Sheria ilitaka wanachama saba, basi akajiandikisha yeye, mkewe na watoto wao watano. Katika hisa 20,007, zake zilikuwa 20,001. Kila mmoja wa wengine alipata moja. Biashara ikaanguka upesi. Mfilisi akataka Salomon alipe madeni kwa mali yake mwenyewe, na mahakama mbili zikakubali. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakataa: kampuni ni mtu mwingine kisheria. Tena Salomon alikuwa akiidai kampuni hiyo kwa dhamana, hivyo akawatangulia wadai wa kawaida. Wenye kudai walionewa, utasema, lakini ndivyo sheria ilivyo hadi leo.

Benki zinalijua hilo vizuri. Ndiyo maana kampuni changa ikiomba mkopo, wakurugenzi mara nyingi hutakiwa kudhamini wao wenyewe, na kinga inatoboka siku hiyohiyo.

Upo pia ubia usiogawa hasara sawasawa: katika mudharaba, unaofahamika kwa Waislamu wa pwani, mmoja hutoa mtaji, mwenzake kazi. Faida huigawana walivyopatana. Hasara ni ya mwenye mtaji, na mfanyakazi hupoteza jasho lake tu; ila akizembea, hasara humwangukia yeye.

Mkiamua kubaki wabia, andikeni pia itakuwaje mmoja akifa. Bila kipengele hicho, kwa kawaida kifo chake huvunja ubia.