Chakula ni ngao, si dawa ya risasi



Hapa Maungu, malori yanapolala, betri kuukuu hazikosi. Ndani yake mna risasi, metali yenye sumu. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa mwaka 2014, lakini sumu ilibaki kwenye udongo na miilini mwa watu.

Watoto huumia zaidi. Risasi hupita utumboni kwa njia zile zile za madini ya chuma na kalsiamu. Madini haya yakipungua, au tumbo likiwa tupu, risasi huingia kwa wingi.

Basi tufanyeje?

1. Mtoto ale kabla ya kwenda kucheza.
2. Apate maziwa, au dagaa pamoja na mifupa yao: ndiyo kalsiamu.
3. Apate kunde, pojo na mchicha: ndiyo chuma. Ubuyu au chungwa husaidia mwili kukipokea. Chai hukizuia, kwa hiyo isinywewe na mlo.

Lakini tusidanganyane: chakula hakiondoi sumu iliyokwisha ingia. Betri isipasuliwe nyumbani. Mikono ioshwe kwa sabuni. Ukiwa na shaka, mpeleke mtoto hospitali apimwe damu.

Tujadiliane: Kwetu betri hupasuliwa wapi, na watoto huchezea wapi?