Butembo na Beni: maneno mepesi ya Kiingereza yanayokula pesa za wafanyabiashara

Mali nyingi inayouzwa katika masoko ya Butembo na Beni inapita mpaka wa Kasindi ikitokea Uganda, na sehemu kubwa imeshuka kwanza kwenye bandari ya Mombasa, Kenya. Kakao na kahawa zetu pia zinatoka kwa njia hiyo. Safari yote inafuatana na karatasi, na nyingi kati yake zimeandikwa kwa Kiingereza.

Huku kwetu tumesoma kwa Kifaransa, na sokoni tunapatana bei kwa Kiswahili au Kinande. Kwa hiyo neno gumu la Kiingereza halina hatari sana, maana mtu akilikuta anauliza. Hatari iko kwenye neno jepesi linalofanana na Kifaransa. Mtu anadhani amelielewa, anatuma pesa, na maana inajulikana baadaye.

Tuanze na "deposit". Kwetu depo ni mahali pa kuweka mali, kama depo ya bia au ya simenti. Lakini kwenye karatasi ya muuzaji wa Kampala, Dubai au Guangzhou, "30% deposit" ni pesa ya kutanguliza, ile tunayoita "avance". Kwa mali ya dola 5000, unalipa dola 1500 leo. Angalia kama pembeni wameandika "non-refundable". Maana yake ni kwamba ukibadili mawazo, pesa hiyo hairudi.

Zile dola 3500 zinazobaki zinaitwa "balance". Kwa Kifaransa neno hilo ni mizani ya kupimia. Kwa Kiingereza cha biashara ni kinachobaki, na hapo kuna mtego mwingine. Kwenye karatasi ya benki, "balance" ni pesa yako iliyobaki kwenye konti. Kwenye karatasi ya muuzaji, "balance due" ni deni lako. Neno ni lile lile, lakini mara moja linahesabu ulichonacho, mara nyingine unachodaiwa.

Halafu kuna "billion". Kwa Kifaransa cha shuleni, "billion" ni milioni mara milioni. Kwa Kiingereza cha leo ni milioni mara elfu moja, yaani "milliard" yetu. Mtu wa Kampala anayetaja bei ya nyumba kwa shilingi za Uganda anatumia hesabu hiyo ya Kiingereza.

Hata alama ndogo zinabadilika. Sisi tunaweka koma kabla ya sehemu isiyo kamili, wao wanaweka nukta. Wao wakiandika "1,500" wanasema elfu moja mia tano, lakini kwa hesabu ya Kifaransa hiyo ni moja na nusu. Dawa yake ni rahisi: kila kiasi kikubwa kiandikwe pia kwa maneno, kabla ya kutia sahihi.

Kwa anayeagiza kontena, herufi tatu zinaweza kubadili faida yote. "CIF Mombasa" maana yake bei inahesabu mali, bima na meli mpaka bandari ya Mombasa, basi. Gharama za bandarini, gari la kuvuka Kenya na Uganda, ushuru wa duane pale Kasindi, kisha kilomita 80 mpaka Beni na nyingine 54 mpaka Butembo, vyote ni juu yako. "FOB" iko chini zaidi: muuzaji anaishia kupakia mali melini kwenye bandari ya kwake, na nauli ya meli ni yako. Kwa hiyo bei ya FOB inaweza kuonekana ndogo kuliko ya CIF, kumbe mwishoni ikawa kubwa.

Upande wa mikopo, anayekopa Uganda au Kenya atakutana na "flat rate" na "reducing balance". Chukua mkopo wa dola 1000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Kwa "flat rate", riba inahesabiwa juu ya dola 1000 zote kila mwezi, hata kama umekwisha kulipa nusu. Jumla ya riba ni dola 240. Kwa "reducing balance", riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki tu. Ukipunguza deni kwa kiasi sawa kila mwezi, riba yote inakuwa dola 130. Asilimia iliyoandikwa ni ile ile, lakini tofauti ni dola 110.

Maneno haya yanatukaribia zaidi kila mwaka. Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa saba 2022. Equity Group ya Kenya ilinunua BCDC mwaka 2020, na mwisho wa 2022 KCB, ya Kenya pia, ikachukua sehemu kubwa ya TMB. Ni kweli kwamba viongozi wa Jumuiya walikubali Kiswahili na Kifaransa kama lugha rasmi mwaka 2021. Lakini karatasi nyingi za biashara zinaendelea kuandikwa kwa Kiingereza.

Kujifunza hakuhitaji miaka ya darasa. Chukua karatasi zako za miezi sita iliyopita na daftari moja. Andika kila neno linalohusu pesa, maana yake kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili unachosema sokoni. Utaona maneno yanayorudi ni machache, pengine 30 au 40. Yajue hayo kwanza.

Na Kiswahili chenyewe ni silaha. Wafanyabiashara wengi wa Kenya, na wengi wa Uganda, wanakisikia. Muulize muuzaji waziwazi: "Mali isipofika, pesa niliyotanguliza inarudi? Bei hii inaishia wapi?" Mwombe ajibu kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, na ulitunze jibu. Kama hataki kuandika jibu, usitume pesa kwanza.