Maji Hayaui Joto

Umewahi kuona kompyuta ikinywa maji? Usicheke. Ya mjomba wangu hapa Kongowea huyanywa kutwa.

Mjomba ana kibanda cha kuchapa barua na fomu, na karo yangu hutoka humo. Msimu wa kaskazi ulipopamba moto, feni ya kupoza prosesa, yaani kile kidude kinachofanya hesabu zote za kompyuta, ilikufa. Feni ya aina ile ya zamani tuliitafuta tukachoka. Mashine ikawa inapanda hadi nyuzi 95, mara inajizima, na kazi ya mteja imo ndani. Mama mmoja alipoteza kurasa tatu akaondoka bila kwaheri.

Nikamwambia, "Mjomba, nipe wiki moja." Tulikuwa tumesoma kiasi cha joto katika Fizikia nami nikajiona profesa. Fundi wa jua kali alinilehemea paipu ya shaba juu ya bapa la shaba, nikalibana juu ya prosesa kwa grisi ya kupitisha joto. Pampu ndogo ya tangi la samaki ikavuta maji katika ndoo ya lita 5, yakapita kwenye shaba, yakarudi ndooni. Nyuzi 52! Mjomba akaninunulia soda.

Kumbe tulishangilia mapema. Muda wa saa tatu baadaye, nyuzi 75. Chukua kalamu tuhesabu. Prosesa ile ikifanya kazi kwa nguvu hutoa wati 65, yaani jouli 65 kila sekunde. Kwa saa moja ni jouli 234,000. Kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,200 ili ipande nyuzi moja, kwa hivyo kilo 5 huhitaji 21,000. Gawanya: nyuzi 11 kila saa. Kipimajoto nilichoazima maabara kilionyesha maji yametoka 29 hadi 51, pungufu ya hesabu kwa sababu joto jingine lilipotelea hewani. Maji hayakuua joto, yalilibeba tu kama hamali, nami sikuwa nimempa hamali huyo pa kutua mzigo.

Nikatia barafu. Wenzangu, msithubutu! Hewa ya Pwani imejaa unyevu. Shaba ilipopoa kuliko hewa ikaanza kutoa jasho kama chupa ya soda, na tone likaning'inia juu ya saketi. Nilichomoa waya mikono ikitetemeka. Karo ya mwaka mzima, chini ya tone moja!

Dawa ilikuwa rejeta. Nilipata ndogo ya hita ya gari kuukuu, ya shaba. Ya alumini niliikataa, kwani ukiichanganya na shaba katika maji yale yale, alumini huliwa polepole mpaka ikatoboka. Nikaiwekea feni ya kuipuliza. Lakini wapi! Nyuzi 66. Kosa la kwanza, niliiweka nyuma ya kompyuta, ikawa inavuta hewa iliyokwisha pashwa moto na mashine yenyewe. Nilipoihamishia dirishani ikashuka hadi 61. Tena kulikuwa na hewa iliyonaswa sehemu ya juu ya rejeta, kwa hivyo maji yalipita nusu ya chini tu. Nikapandisha ndoo juu ya vyote, nikaiinamisha rejeta huku na huku pampu ikienda, mapovu yakatoka bu-bu-bu. Nyuzi 57.

Rafiki yangu aliniazima pampu kubwa. Ilipunguza nyuzi moja kwa kelele za kinu cha posho, nikamrudishia. Kushuka zaidi ni vigumu, maana mchana hewa yetu hufika nyuzi 32, na rejeta haiwezi kuyafanya maji yawe baridi kuliko hewa inayoipuliza. Mtungi ungeweza kidogo, kwa vile jasho lake likigeuka mvuke huchukua joto, ila Nyanya aliposikia niutakavyo wake aliuhamishia chumbani.

Siku hizi mashine huwaka tangu asubuhi hadi magharibi. Yule mama amerudi. Bado hatujamwambia ile ndoo iliyo juu ya rafu ni ya nini.