Kelele za Watoto Hazifukuzi Samaki

Likizo ya Juni ikikaribia, swali ni lile lile: "Bwana samaki, nikiwapeleka watoto kuvua, nifanyeje wanyamaze?" Naulizwa ofisini, naulizwa mwaloni, naulizwa hata kwenye foleni ya benki. Juzi mama mmoja ameniambia kwamba familia nzima ilikwenda ziwani, ila mtoto wa miaka mitano aliachwa nyumbani kwa kuwa "ana mdomo sana". Hapo nimechoka, na ndiyo maana naandika.

Sauti inayotoka kinywani mwa mtu ikifika juu ya maji, karibu yote hudunda ikarudi hewani. Inayopenya ni kama sehemu moja tu kati ya elfu ya nguvu yake, tena hapo ni pale inaposhuka wima. Ikija kwa mshazari, kama ya mtoto aliyekaa ukingoni akiimba, kinachopenya ni pungufu hata ya hapo.

Wabishi huniletea hoja mbili. Ya kwanza: majini sauti huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, basi samaki lazima asikie. Hesabu ni sahihi, hitimisho ni bovu. Mwendo huo ni wa sauti iliyokwisha kuingia majini. Iliyokwama juu haisaidiwi nao kwa lolote. Ya pili: mbona katuli inafukuza samaki? Katuli, kwa asiyeijua, ni kuyapiga maji kwa mti ili samaki wakimbilie nyavuni, na imepigwa marufuku. Lakini mpiga katuli hapigi hewa, anapiga maji. Mshindo wake unazaliwa humo humo anamoishi samaki. Anayenitajia katuli ananisaidia mimi.

Kwani samaki si kiziwi. Ana masikio ndani ya fuvu, na ubavuni ana mstari wa vitundu unaohisi mtikisiko wa maji. Mchukue sato uliyemvua umgeuze kwenye mwanga: utauona mstari huo umekatika vipande viwili, wa juu unaanzia nyuma ya kichwa, wa chini unaishia mkiani. Kambale anamzidi sato kwa usikivu, maana vifupa vidogo vinaunganisha kibofu chake cha hewa na sikio. Wanachokisikia ni kishindo cha miguu ukingoni, ndoo inayoburutwa ndani ya mtumbwi, kasia linalogonga ubao. Na wanaona kivuli. Baba anayewakaripia watoto wanyamaze, kisha akasimama jua likiwa mgongoni, kivuli chake kikalala juu ya chambo, yeye ndiye anayefukuza samaki.

Kuna jambo zito kuliko kitoweo. Mtoto aliyefundishwa kunyamaza kando ya maji atasita kupiga ukelele mwenzake anapoteleza. Waongee, waimbe, wabishane; wakatazeni kurukaruka na kurusha mawe tu.

Mengine nayasema haraka. Ufito wa mwanzi, mshipi mwembamba, ndoana ndogo na kielea cha kipande cha ndala vinatosha. Sato na perege watafuteni kwa nyungunyungu au ugali mgumu. Kambale, anayewinda kwa harufu na kuonja kwa sharubu, wekeeni utumbo wa kuku. Kambale atolewe ndoana na mtu mzima, maana miiba ya mapezi yake ya kifuani huchoma. Msiingie majini, hasa penye magugu na konokono, na hasa mchana jua likiwaka, ndipo vimelea vya kichocho huwa vingi. Maji ya kunawa yatoke nyumbani. Ulizeni wenyeji kuhusu mamba, na jibu likiwa la kusitasita nendeni kwenye bwawa la mfugaji mkalipie. Mtumbwini kila mtu avae jaketi la kujiokolea, baba naye. Piteni kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya muulize kibali na sehemu za mazalia zilizofungwa. Mkimpata sato mwenye mayai ya manjano kinywani, huyo ni jike anayeatamia: msimkamue, lowesheni mikono, mrudisheni majini papo hapo.