Kuvunjwa moyo na kanisa si kuiacha imani

MJI wa Ogembo, kando ya mto Gucha, una siku mbili za ibada. Jumamosi Waadventista hujaza njia; Jumapili huwa ni zamu ya Wakatoliki, Wapentekoste na wengineo. Hata hivyo, siku zote mbili wapo wanaobaki nyumbani, si kwa sababu wameacha kumwamini Mungu, bali kwa kuwa wamechoshwa na kanisa.

Malalamiko yao yanafahamika kote nchini: harambee zisizokwisha, fungu la kumi kugeuzwa kipimo cha wokovu, wazee kugombania vyeo na mimbari kukabidhiwa wanasiasa kila uchaguzi unapokaribia. Je, aliyevunjwa moyo namna hiyo hana budi kuuacha Ukristo?

Historia ya Gusii yenyewe inajibu kwamba sivyo. Wamishonari Wakatoliki walifungua kituo cha Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafungua cha Nyanchwa mwaka uliofuata. Ilikuwa miaka michache tu tangu majeshi ya Uingereza yawashinde Abagusii kwa mtutu wa bunduki mwaka 1908, na wenyeji wengi waliona misheni na serikali kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana Septemba 1914, Waingereza walipouhama mji wa Kisii kwa muda mfupi kutokana na uvamizi wa Wajerumani, vituo vyote viwili viliporwa. Baadaye dini ya Mumbo, iliyozuka Alego mwaka 1913 na kutabiri kuondoka kwa Wazungu, ilipata wafuasi hapa.

Leo hii, Gusii ni mojawapo ya ngome za Waadventista nchini, na Kisii imekuwa na dayosisi ya Kikatoliki tangu mwaka 1960. Wazee wetu walijifunza kutenganisha ujumbe na aliyeuleta.

Majirani zao wa Nyanza Kusini walilidhihirisha jambo hilo kwa njia nyingine. Mapema miaka ya 1960, maelfu walilihama Kanisa Katoliki na kuunda Legio Maria, wakiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudensia Aoko, mama kijana aliyekuwa amefiwa na watoto. Walitafuta maombi ya uponyaji na nafasi kwa walionyimwa sakramenti kwa sababu ya ndoa za mitala. Lakini rozari na misa hawakuziacha. Waliondoka, na imani yao wakaenda nayo.

Mimi mwenyewe nililelewa katika kanisa moja la eneo hili. Mama alipofariki, wazee wa kanisa walitaka kwanza kuiona kadi yake ya fungu la kumi. Kwa kuwa alikuwa ameugua kwa muda mrefu bila kutoa chochote, mchungaji hakuja kumzika. Waliokuja ni akina mama wa madhehebu mbalimbali waliozoea kusali naye nyumbani kila Alhamisi. Waliimba, wakasoma Zaburi, na mkubwa wao akaomba kaburini. Siku hiyo imani yangu kwa ofisi ya kanisa ilikwisha. Kwa Mungu haikwisha, kwa maana walionifariji walikuja kwa jina lake.

Takwimu nazo zinaonyesha kuwa wengi hawajaipa dini kisogo. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu Wakenya 922,128 wasio na dini. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu 755,750, ingawa idadi ya watu nchini ilikuwa imeongezeka kwa mamilioni.

Hii haina maana kwamba Mkristo anapaswa kuvumilia kila kitu. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ya waumini wanaodaiwa kuhimizwa na mhubiri wao kufunga hadi kufa. Msiba huo ulitufunza kwamba kumtii mchungaji si lazima kuwe kumtii Mungu. Yapo makanisa ambayo kuyahama ni wajibu.

Yapo pia yanayoweza kujisahihisha. Februari 2008, baada ya ghasia za uchaguzi zilizoua watu zaidi ya 1,100, Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya (NCCK) liliomba radhi na kukiri kuwa viongozi wake walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza fedha alizotoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, Kayole, zirudishwe.

Hatua kama hizo hazifuti machungu ya aliyedhalilishwa, lakini zinampa haki ya kudai zaidi. Anayebaki kanisani aulize hesabu ya sadaka bila woga. Anayeondoka naye asiende peke yake. Atafute wawili au watatu wa kusali nao, kwani kaa moja likitengwa na mengine halichelewi kuzimika.