Maudhuna: Kusuka, Kufuma au Kuwamba?

Katika Suratul Waqia, aya ya 15, vitanda vya peponi vimesifiwa kwa neno moja tu: maudhuna. Yafaa tuliulize neno hili maana yake, kwani Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyoligombea.

Asili yake kwa Kiarabu ni kukunja kitu juu ya kitu na kukitatiza hata kishikamane. Waarabu wa kale wakiisifu hivyo deraya ya vita, yenye pete za chuma zilizoingiana; na mkanda wa ngozi uliosukwa, wa kufungia matandiko ya ngamia, wakiuita wadhini. Mujahid amefasiri kuwa ni vitanda vilivyosukwa kwa dhahabu. Kwa Ibn Abbas zimepokewa kauli mbili: hiyo ya kusukwa, na ya pili kwamba vimepangwa safu. Lakini safu ina neno lake, masfufa, katika Suratut Tur, aya ya 20. Ndipo wengi wakaelemea kusukwa.

Tuje kwetu sasa. Kusuka ni kazi ya vidole: nywele, ukili wa miyaa, kikapu. Kufuma ni kazi ya mtande na mshindio, uzi upite juu na chini hata uwe nguo. Kuwamba ni kukaza kamba juu ya kiunzi, ziende na kurudi. Ndivyo kinavyowambwa kitanda cha kamba, na ndivyo kilivyo kiti cha enzi cha Lamu, mgongo na kikalio chake.

Basi ukisema "vilivyofumwa", msikilizaji huona nguo. Ukisema "vilivyopambwa", dhahabu huonekana, ila ule mshikamano umepotea. "Kuwamba" kwakipa kitanda haki yake, lakini peke yake hakutoshi, kwani hata ngoma huwambwa, nayo ni ngozi moja isiyosukwa. Kwa rai yangu, tuseme "vilivyosukwa na kuwambwa kwa dhahabu".

Khofu yangu ni hii: kijana aliyezaliwa juu ya godoro hajapata kuona kitanda kikiwambwa. Fundi akiondoka, neno humfuata, na mfasiri wa kesho atabaki na "kupamba" tu. Walimu wa vyuoni, mkifika aya hiyo, waonesheni watoto kitanda cha kamba; wapitishe vidole humo, watafahamu.

Wallahu aalam.